Sawazisha kompyuta ya baiskeli kabla ya kupanda milima yetu

Ukitoka Kisii mjini kwenda Keroka kwa baiskeli, miguu yako ndiyo ya kwanza kukuambia kwamba unapanda. Kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye usukani inapaswa kukuambia zaidi: umepanda mita ngapi na umeenda umbali gani. Takwimu hizo zikikosea, unaweza kupanga safari inayozidi nguvu zako, ukanyeshewa na mvua ya alasiri au ukaingiliwa na giza ukiwa mbali na nyumbani.

Jumla ya mita za kupanda huonyesha ugumu wa njia kuliko kilomita peke yake. Katika mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, mbio za barabarani za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda. Kilomita hizo hizo kwenye tambarare zingekuwa safari tofauti kabisa.

Kwa nini mwinuko hupotoka?

Kompyuta nyingi hutumia setilaiti za GPS kujua mahali ulipo. GPS hupata njia vizuri, lakini mwinuko wake unaweza kukosea kwa mita kumi au zaidi, hasa bondeni au chini ya miti. Kwa hiyo vifaa vingi vina pia kihisi cha mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda. Katika usawa wa bahari, kama Mombasa, mgandamizo ni takribani hektopaskali 1,013. Kisii mjini, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, ni kama 830. Huku kwetu, hektopaskali moja ikipungua, kifaa huhesabu kwamba umepanda mita kumi hivi.

Tatizo ni kwamba mgandamizo hubadilika hata usiposogea. Katika nchi za ikweta hupanda hadi mnamo saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya hektopaskali mbili au tatu inatosha kukifanya kifaa kilichowekwa mezani kionyeshe kwamba kimepanda mita 20 hadi 30.

Mambo ya kufanya

1. Weka mwinuko sahihi kabla ya kuondoka. Tafuta mwinuko wa nyumbani kwako au wa kituo chako cha kuanzia kwenye ramani ya idara ya upimaji wa ardhi, kisha uuingize kwenye mipangilio. Vifaa vingi hukuruhusu kuhifadhi mahali hapo ili kijisawazishe kila unapoanzia hapo. Kiache kifaa nje dakika tano hadi kumi kwanza, kizoee baridi na kupata setilaiti.

2. Safisha matundu ya kihisi. Matope na jasho huyaziba, na mwinuko huganda au kuruka. Suuza kwa maji safi, kisha ukiache kikauke. Usichokoe kwa sindano.

3. Rekodi kila sekunde. Baadhi ya vifaa huokoa nafasi kwa kurekodi tu unapobadili mwendo au mwelekeo. Kwenye barabara zetu zenye kona nyingi, njia hiyo hukata kona na kupunguza umbali. Kurekodi kila sekunde hutumia nafasi zaidi, hivyo futa safari za zamani ulizokwisha kuzihifadhi kwingine.

4. Angalia kipengele cha kujisimamisha. Mlima ukiwa mkali na mwendo ukashuka sana, kifaa kinaweza kudhani umesimama na kuacha kurekodi. Punguza kiwango hicho cha mwendo, au kizime kabisa.

5. Pima gurudumu, kama unatumia kihisi cha gurudumu. Weka alama kwenye tairi, kaa juu ya baiskeli, lisukume gurudumu mzunguko mmoja kamili, kisha upime umbali huo kwa milimita. Kosa la asilimia moja ni kilomita moja nzima katika safari ya kilomita 100.

6. Linda taarifa zako. Rekodi ya safari huonyesha unakoanzia na saa unazotoka. Kabla ya kuishiriki na wengine, ficha sehemu iliyo karibu na nyumbani.

Milima kama Nyamasibi, yenye zaidi ya mita 2,100, haihitaji kukisiwa. Pande njia moja mara mbili, asubuhi na alasiri, kila mara baada ya kusawazisha kifaa. Jumla za kupanda zikikaribiana, unaweza kuzitumia kupanga safari na saa ya kurudi.

Wakazi wanakumbushwa kubadilisha mipangilio wakiwa wamesimama nje kabisa ya barabara. Vaa kofia ya kujikinga na nguo inayoonekana, washa taa kabla ya giza, na umwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita.