RAMANI YA GPS YA BURE: IFANYE IJUE NJIA ZA UPARENI KABLA HAIJAKULA HELA YAKO

Ndugu mfanyabiashara, kama unachukua tangawizi Mamba, au unapeleka unga, sabuni na soda kwenye maduka ya Mbaga, Chome au Suji, hii inakuhusu. Leo naongelea ramani ya GPS, ile inayokwambia "kata kushoto" ukiwa kwenye kirikuu au pikipiki. Ipo ya bure kabisa. Ila isipozijua njia zetu vizuri, itakutia hasara.

Msimu mmoja wa vuli tajiri mmoja wa Dar alituma Canter ije kubeba tangawizi yetu. Dereva mgeni, ana mashine yake ya GPS kwenye dashibodi, hataki kuuliza mtu. Mashine ikaona njia fupi ya kupandia, ikamwambia pita hapo. Kumbe ni njia ya pikipiki na ya akina mama wanaoshusha ndizi. Gari likanasa, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Sisi wenye mzigo tulisubiri mpaka giza, magunia yakanyeshewa, na bei tuliyokubaliana asubuhi ikashushwa.

Watu wakasema mashine mbovu. Haikuwa mbovu. Ilisoma kilichoandikwa kwenye ramani, na aliyeandika alikiweka kile kinjia kama barabara ya magari. Pengine alikaa mbali huko akaangalia picha ya setilaiti tu. Ukitazama kutoka juu, kinjia na barabara vinafanana.

Ramani ninayoisema inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na inaenda kama Wikipedia: yeyote anajiandikisha, anaongeza, anasahihisha. Huku kwetu si ngeni. Kibera, Nairobi, vijana walianza kuchora mitaa yao mwaka 2009. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakachora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Milimani hatuna haja ya kusubiri mradi. Anayeijua njia ya kwenda kwa mteja ni wewe unayeipita kila wiki.

Kwanza elewa hili: GPS haili bando. Simu inapokea ishara ya setilaiti bure, kinachokula bando ni kupakua picha ya ramani. Kwa hiyo ukiwa mjini Same kwenye mtandao mzuri, pakua OsmAnd au Organic Maps, halafu pakua ramani ya Tanzania humo ndani. Ukipanda mlimani na mtandao ukikata, inaendelea kukuongoza. Kwenye gari lenye redio ya Android unafanya vilevile. Sisi Wapare tunataniwa kwa ubahili, basi hapa ubahili wetu umepata mahali pake.

Sasa njoo kwenye sehemu yenye utamu. Ramani ya kuangalia na ramani ya kuongoza ni vitu viwili. Macho yako yakiona mistari miwili imegusana, unasema hapo ni njia panda. Mashine haioni hivyo. Yenyewe inaona kamba na mafundo. Pale barabara mbili zinapokutana lazima ziwe na nukta moja wanayoshirikiana, hilo ndo fundo. Kama aliyechora aliacha pengo hata la mita moja, au alipitisha mstari juu ya mwenzake bila kuufunga, kwa mashine ni kama barabara moja inapita darajani juu ya nyingine, hakuna pa kukatia. Matokeo yake unaambiwa uzunguke hadi Kisiwani wakati njia panda iko mbele ya pua yako. Ukiona GPS inakuzungusha hivyo bila sababu, mara nyingi ni fundo halijafungwa.

La pili ni aina ya barabara. Mashine inakadiria muda kwa kusoma aina iliyoandikwa: barabara kuu, ya kijiji, ya mashamba, ya miguu. Kila aina ina kasi yake. Mashine nyingi haziangalii mlima wala tope. Same mjini ni tambarare, kilele cha Shengena kinazidi mita 2,400, na hapo katikati kuna kona za kutosha kumaliza breki. Ukiiandika njia ya mashamba kama barabara ya kijiji, umemdanganya dereva wa watu.

Kurekodi ni rahisi. Kwenye OsmAnd kuna sehemu ya kurekodi safari. Iwashe ukitoka Mwembe, funga simu vizuri kwenye pikipiki, panda taratibu. Ukifika njia panda simama kidogo, andika inakwenda wapi. Karibu na msitu wa Chome na kwenye mabonde ya kubana ishara huwa inayumba, kwa hiyo pita mara mbili ulinganishe. Ukirudi unapata faili la GPX. Unalipandisha openstreetmap.org na kuchora barabara juu ya alama zako. Hapo funga mafundo, andika aina ya njia na kama ni lami, changarawe au udongo, weka soko, ghala, daraja, na mahali mto unapovukwa bila daraja. Jina andika lile ambalo watu wa pale wanalitumia. Usinakili kutoka Google Maps, hairuhusiwi na kazi yako itafutwa. Kuchora kukikuchosha, kuna programu ya StreetComplete inayokuuliza maswali tu, mfano njia hii ina lami au udongo, unajibu ukiwa umesimama hapohapo.

Wenye Garmin, hii ni yenu. Binafsi naona simu inamtosha mtu wa duka, lakini anayepanda siku mbili bila umeme, kimashine kama eTrex 20 cha betri mbili za dukani kina maana. Garmin haisomi OpenStreetMap moja kwa moja, lazima igeuzwe. Tafuta kijana mwenye kompyuta yenye Java. Apakue data ya Tanzania kutoka Geofabrik, aikate vipande kwa programu ya splitter, kisha aigeuze kwa mkgmap. Mwambie asisahau neno --route kwenye amri. Bila hilo ramani itaonekana nzuri ila haitakuongoza kokote. Akiongeza --index utaweza kutafuta majina ya mahali, na --gmapsupp ndo inatoa faili linaloitwa gmapsupp.img. Hilo unaliweka kwenye kadi ya kumbukumbu, ndani ya folda ya Garmin. Kama tayari kuna faili la jina hilo, lihifadhi pembeni kwanza, maana jipya litalifuta. Zipo pia tovuti zinazotoa faili tayari, ila angalia tarehe yake. Faili la mwaka juzi halina barabara uliyochora jana.

Kabla hujamtumia dereva mzigo, ijaribu. Kaa mezani, iambie ikupeleke kutoka stendi ya Same hadi kwenye ghala lako, kisha igeuze, kutoka ghalani hadi stendi. Ikipita mahali ambapo wewe usingepitisha Canter, rudi ukarekebishe hapo. Na baada ya masika rudia, kwa sababu udongo ukishaporomoka, njia ya mwezi wa pili si ya mwezi wa sita. Ukirekebisha, programu za simu hazioni mabadiliko mpaka upakue ramani mpya, na Garmin mpaka kijana wako ageuze tena.