Mstari Mwekundu Chini ya "Hatukuwalipa"

Msomaji wetu mmoja, dada anayechapa barua na mikataba ya pango kwenye steshenari ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ana swali. Akiandika "lipa", programu yake ya bure inanyamaza. Akiandika "hatukuwalipa", inampigia mstari mwekundu. Je, kompyuta ina ugomvi gani na Kiswahili?

Kwa kuwa "lipa" imepita, kwenye programu lugha ameiweka sawa. Tatizo liko kwenye kikagua tahajia. (Wapo wanaokiita kisahihishi. Hakisahihishi kitu; kinanung'unika tu.)

Kiswahili kiliingia kwenye programu huria za ofisi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili na isiyo na malipo. Litaje jina hilo Kariakoo leo, utaulizwa ni simu ya kampuni gani.

Sasa tufike kwenye utamu. Vikagua tahajia vya programu hizo vina mafaili mawili: moja la maneno, jingine la kanuni za viambishi. Kuorodhesha kila umbo ni kazi kubwa mno. Chukua "lipa" peke yake: viambishi vya nafsi na ngeli 14, vya njeo na hali 8, vya mtendwa 13 au bila mtendwa. Zidisha: 14 × 8 × 14, maumbo 1,568. Hapo hatujagusa ukanushi, wala lipia, lipwa na lipana.

Kwa hiyo programu huvua viambishi. Mfikirie mlinzi wa ghala hapo Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ana picha za wabeba mizigo wanaoruhusiwa kuingia. Anakuja mmoja na maboksi manne yaliyomfunika uso: ha, tu, ku, wa. Mlinzi ana ruhusa ya kushusha boksi moja tu. Anashusha ha, uso hauonekani, anamfukuza. Lakini maboksi yote manne yakifungwa kamba moja, na furushi la namna hiyo likawa limeandikwa kwenye daftari lake, atalishusha zima na kumwona lipa amesimama pale. Ndiyo maana mtengeneza kamusi hana budi kukaa akifunga mafurushi: hatukuwa-, hatukum-, hatukuku-, hawakutu-, moja baada ya jingine. Ni kazi isiyo na sifa wala posho, na si ajabu miradi ya namna hii ikitelekezwa.

Mlinzi huyo hakuajiriwa kwa ajili yetu. OpenOffice ya mwanzo ilitumia MySpell, iliyovua kiambishi awali kimoja. Mwaka 2006 ikaiachia nafasi Hunspell ya László Németh, aliyeitengeneza kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo maneno yake hurefukia mkiani. Mkiani huvua viwili. Kichwani kimoja, au viwili ukiiamuru, na hapo mkiani hubaki kimoja. Sisi mzigo wetu tunaubeba kichwani.

Mwaka 2010 watengenezaji wengi wa OpenOffice walihamia LibreOffice. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili imo humo, kwenye folda ya sw_TZ, na leseni yake inamruhusu yeyote kuirekebisha.

Dada wa Narung'ombe, bonyeza kulia juu ya neno, uliongeze kwenye kamusi yako. Litatambulika kwenye kompyuta hiyo tu. Nanyi wanafunzi wa kompyuta wa chuo kikuu pale Mlimani mnaohangaika na mada ya mradi wa mwaka wa mwisho: faili la kanuni, sw_TZ.aff, ni maandishi matupu, linafunguka hata kwa Notepad. Anzeni na hatuku-.