KUTAMBUA KOMPYUTA ZILIZOFUNGULIWA KWA JINA LA MTUMISHI

Watumishi wa ofisi za Serikali hapa Ukerewe, pamoja na wananchi wanaohudumiwa nazo, wanaelezwa juu ya jambo dogo lenye madhara makubwa. Mtumishi aweza kufungua kompyuta mbili au tatu za ofisi kwa jina lake, kisha akapanda meli hapa Nansio kwenda Mwanza bila ya kujitoa katika hata moja. Angali ziwani, mtu mwingine huweza kukaa mbele ya kompyuta ile akabadili kumbukumbu za malipo, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa ni ya yule aliyesafiri. Mwananchi aliyelipa ushuru wake hajui amdai nani.

Wengi hudhani kwamba seva, yaani kompyuta kuu ya mtandao, huonyesha wakati wote mahali alipo kila mtumiaji. Sivyo. Seva ni mfano wa daftari la wageni mlangoni: aingiaye huandikwa, lakini kutoka kwake hakuandikwi hapo. Kutoka huandikwa katika kompyuta yenyewe aliyoitumia. Na umeme ukikatika ghafla, pengine hakuandikwi kabisa.

Kwa hiyo mtaalamu hufuata hatua mbili. Kwanza, husoma kumbukumbu za seva apate kujua ni kompyuta zipi jina hilo limeingilia. Pili, huiuliza kila kompyuta ni nani aliyemo. Katika Windows hutumia amri ya quser, na katika Linux amri ya who. Majibu huonyesha jina na saa ya kuingia. Akitaka kujua yaliyokwisha kupita, katika Windows hutafuta namba 4624, ambayo ni ya kuingia, na 4634, ambayo ni ya kutoka.

Ikumbukwe kwamba kufunga kioo kwa nywila si kujitoa. Jina hubaki ndani.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini, na pia kubaki ndani yake kwa makusudi baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Aidha, kumbukumbu hizo ni taarifa za watu. Zisomwe na mwenye mamlaka tu, kwa sababu ya kazi.

Watumishi wote wanakumbushwa:

(a) kujitoa katika kila kompyuta kabla ya kuondoka ofisini;

(b) kutomwazima mtu yeyote nywila;

(c) aliyesahau, ampigie simu mtaalamu mara moja, asingoje meli ya kurudi.