Ukungu wa Lushoto unavyolila bati lako

Ukungu wa Usambara unapendeza kwenye picha, ila bati linaumia. Sababu? Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Unyevu na hewa vikikaa juu yake, zinki huliwa kwanza, ikiisha ni zamu ya chuma.

Maabara hupima kwa kulipulizia bati manyunyu ya maji yenye chumvi asilimia 5, kwenye joto la nyuzi 35, na kuhesabu saa hadi kutu itokee.

Wewe kagua misumari na maungio. Unga mweupe: zinki inaliwa. Rangi ya kutu: chuma kimefikiwa, usilikanyage, linaweza kutoboka. Ondoa majani yanayotunza maji.

Unanunua? Geji 28 ni nene kuliko 32. Uliza na kiasi cha zinki.