Moyo Unaouma, Moyo Uliochafuka

Muhula huu kikao chetu kimoja kilitekwa na maradhi ya moyo. Mwenzetu anayesomea udaktari alikuja na karatasi za utafiti uitwao ORBITA, uliofanywa hapa Uingereza, akatuomba tuandike kwa Kiswahili maelezo ambayo mgonjwa angesomewa kabla ya kukubali kushiriki katika utafiti kama huo. Wapo wazee wetu wengi hapa wanaokwenda kliniki za moyo wakiwa na mtoto au mjukuu wa kuwatafsiria. Tulidhani kazi itakwisha kabla ya chai.

Kwanza ilibidi tuuelewe utafiti wenyewe. Kuna watu ambao kifua huwabana wakipanda ngazi au wakibeba mzigo, na wakipumzika hutulia. Mishipa inayoupelekea moyo damu imekuwa myembamba. Daktari hupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani hadi kwenye moyo, akautanua mshipa kwa kiputo, kisha akaacha ndani yake kijibomba cha wavu kiitwacho stenti. Kutanua mishipa ya moyo kwa kiputo kulianza Zürich mwaka 1977, kwa mkono wa Andreas Grüntzig. Wagonjwa wengi walirudi nyumbani wakisema wamepata nafuu. Lakini kwa miaka 40 hakuna aliyekuwa amepima ni nafuu kiasi gani inaletwa na kazi iliyofanywa ndani ya mshipa, na kiasi gani inaletwa na kule kujua tu kwamba umetibiwa.

Rasha Al-Lamee na wenzake wa Imperial College London ndio waliothubutu. Wagonjwa walipewa dawa kwa wiki 6, kisha wakapelekwa kwenye chumba cha matibabu, wakavishwa vipokea sauti masikioni na kupewa dawa ya usingizi. Kura ikapigwa wakiwa mezani: 105 wakatiwa stenti, 95 wasitiwe kitu. Wagonjwa hawakujua wako kundi gani, wala waliowahudumia baadaye. Baada ya wiki 6 walipandishwa tena kwenye mashine ya kutembelea. Wenye stenti walikuwa wameongeza sekunde 28.4, wenzao sekunde 11.8, tofauti ndogo ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Matokeo yalipotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2017, madaktari wa moyo waligombana kwelikweli.

(Msomaji asichanganye mambo. Mtu aliyeshikwa na shambulio la moyo ni habari nyingine. Huyo stenti inaweza kumwokoa, na akimbizwe hospitali.)

Basi tukaanza kuandika, na chai ikapoa. Neno la kwanza, "majaribio", lilikataliwa na mwenzetu wa Mombasa: bibi yake akiambiwa anafanyiwa majaribio atachukua buibui lake aondoke. Tukaandika "utafiti". "Kura" ilipita bila ubishi. "Matibabu ya uongo" mwalimu wetu aliyakataa, na tukakubaliana naye, kwa sababu wagonjwa wa ORBITA hawakudanganywa: waliambiwa tangu mwanzo kwamba huenda wasitiwe kitu, wakaridhia. Haikuwa hivyo zamani. Kule Seattle, Leonard Cobb na wenzake walichapisha mwaka 1959 habari za wagonjwa 17 wa kifua cha namna hiyohiyo. Wanane walifungwa mshipa kifuani kama ilivyokuwa desturi, tisa walichanjwa ngozi tu, na waliofungwa mshipa hawakuwashinda wenzao kwa nafuu. Upasuaji ule ukaachwa, lakini wale tisa hawakuwa wameambiwa kwamba kuna kuchanjwa bure.

Na hatari nayo ilibidi iandikwe waziwazi. Katika ORBITA, wagonjwa wanne wa kundi lisilotiwa stenti walidhurika kwa waya wa kupimia msukumo wa damu, ikabidi watiwe stenti. Hakuna aliyekufa. Mmoja wetu alitaka sentensi hiyo iende mwisho wa ukurasa; tuliipandisha juu.

Kilichotushinda ni maumivu. Katika utafiti wa pili, ORBITA-2, uliotoka mwaka 2023, wagonjwa 301 waliachishwa dawa za kutuliza maumivu ya moyo, na kila siku wakawa wanaandika kwenye simu walivyojisikia. Safari hii stenti ilishinda: baada ya wiki 12, asilimia 40 ya waliotiwa hawakuwa na maumivu hayo tena, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Maana yake ni kwamba hukumu ilitegemea sana maneno ya mgonjwa mwenyewe. Sasa mzee wetu akisema "moyo umenichafuka", mtu wa pwani anajua ni kichefuchefu. Akisema "nina kifua", huenda ni kikohozi. Kuna kiungulia, kuna kichomi, kuna chembe cha moyo, na hakuna hata kimoja ambacho daktari wa Kiingereza angekipata kwa kutafsiriwa neno kwa neno. Mwenzetu wa Maskati alikiri kwamba amewahi kumtafsiria shangazi yake "moyo" hivyohivyo, akapimwa moyo siku nzima, kumbe tumbo.

Mwishowe tuliandika: "Weka mkono mahali panapouma. Je, huanza ukitembea? Hutulia ukikaa?" Kuhusu "kifua" bado hatujaafikiana, na karatasi iko kwa mwalimu.