Mabinti Wachezao katika Video: Je, Twawahukumu kwa Haki?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, nilikuwa ofisini nikihesabu sadaka pamoja na mhazini, akaingia mzee mmoja wa hapa Mbesa. Ni mtu wa heshima, msimamizi wa ubatizo wa watoto wengi kijijini, wala hana tabia ya kusengenya. Tulimwamkia, tukampa kiti, hakuketi. Alitoa simu mfukoni akaiweka juu ya meza, kando ya sadaka.

"Mwalimu," akasema (wazee huniita hivyo kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, ingawa kazi yangu sasa ni ukarani wa parokia), "leo umesoma tangazo la ndoa ya binti yule. Tazama hapa, kisha uniambie kama ndoa hiyo yafaa kufungwa kanisani."

Nikatazama. Ilikuwa video ya wimbo wa kijana mmoja wa Dar es Salaam, wimbo wa hip-hop kama hizi ambazo vijana wetu huziita Bongo Fleva. Kijana ameegemea gari jekundu, miwani ya jua usoni, anaimba. Nyuma yake mabinti sita wamevaa nguo fupi, wanakata viuno. Wa pili kutoka kushoto ndiye binti yetu. Ukitaka kusali Salamu Maria tangu anapotokea, hutaimaliza kabla hajatoweka.

"Mzee wangu, video hii umeipata wapi?"

"Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita wa korosho."

Basi mzee alikuwa na video ile mfukoni kwa miezi mingi, wala haikumsumbua hata siku moja, mpaka aliposikia jina la binti likisomwa kanisani. Wasomaji wapendwa, nisingependa mwone kwamba namcheka mzee. Maana mimi mwenyewe nilifanya vibaya kuliko yeye. Nilimwambia, "Nimesikia, mzee, nitamweleza Paroko." Sikumweleza. Jumapili iliyofuata, zilipokuwa zikipangwa karatasi za matangazo, niliiweka ile ya binti chini kabisa, nikitumaini isisomwe siku ile. Paroko aliiona. Akaniuliza kwa nini. Nilipomweleza akaniuliza neno moja tu: "Na kizuizi ni kipi?"

Sikuwa na jibu. Sote twajua kwa nini ndoa hutangazwa: ili mwenye kujua kizuizi cha kweli akiseme, kama mmoja wao amekwisha kufunga ndoa na mtu mwingine aliye hai, au wao ni ndugu wa karibu, au mmoja hajafikia umri, au analazimishwa. Kucheza katika video hakumo. Tangazo likasomwa.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya mabinti hawa, nikaona yafaa tuzungumze kwa uwazi, kwa kuwa hakuna nyumba hapa kijijini ambamo video hizi hazijaingia, kwa simu au kwa kibanda cha video pale sokoni.

Kwanza niseme wazi. Video nyingi za namna ile sizipendi. Mwanamke huwekwa pale kama gari jekundu linavyowekwa, ili mwimbaji aonekane tajiri. Mara nyingi kamera haitafuti uso wake. Binti yangu angetaka kwenda huko ningemzuia kwa nguvu zangu zote. Lakini kuichukia video ni jambo moja, na kumhukumu mmoja tu miongoni mwa wote waliohusika nayo ni jambo jingine. Hebu tuhesabu. Yupo mwenye wimbo. Yupo anayelipa gharama. Yupo mwongozaji anayesema simama hapa, geuka hivi. Yupo mpiga picha, yupo aliyechagua nguo, wapo wa televisheni wanaoirusha, yupo kijana wa duka la simu anayeingiza nyimbo katika memori kadi kwa malipo, na tupo sisi tunaotazama. Katika kundi lote hili mmoja tu ndiye anayeitwa malaya, naye mara nyingi ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote.

Bila shaka wengi wenu mwalikumbuka jina la Masogange. Jina lile halikuwa lake. Yeye aliitwa Agnes Gerald, mwenyeji wa Mbeya. Alionekana katika video ya wimbo wa Belle 9, mwimbaji wa Morogoro, na wimbo huo uliitwa "Masogange". Tangu hapo watu wakamwita kwa jina la wimbo, hata magazeti. Wimbo ulikuwa wa mwanamume, jina likamganda mwanamke. Agnes ni jina la mtakatifu tunayemkumbuka kila tarehe 21 Januari, lakini muulize kijana yeyote Agnes Gerald ni nani, atakuuliza, "Yupi?"

Maisha yake hayakuwa mepesi, wala sitaki kuyapamba. Mwaka 2013 alikamatwa Afrika Kusini kwa sababu ya kemikali za kutengenezea dawa za kulevya, akatozwa faini. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani kwa kutumia dawa za kulevya, akatozwa faini tena. Hayo ni makosa, na mahakama ilifanya kazi yake. Lakini angalieni tofauti. Hakimu hutaja kosa, husikiliza ushahidi, hutoa adhabu yenye mwisho wake. Sisi wengine tulimhukumu kwa umbo lake, pasipo ushahidi wala mwisho. Siku chache tu baada ya hukumu ile, tarehe 20 Aprili 2018, alifariki hospitalini Dar es Salaam. Watu wengi walikusanyika Leaders Club, Kinondoni, kumwaga, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Mbeya. Aliacha mtoto. Mimi hufikiri juu ya mtoto yule kila nisikiapo watu wakitania kwa jina lile.

Kuhukumu namna hii hakukuanza na simu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku nguo fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, marufuku ianze Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Wakaiita Operesheni Vijana. Hata kabla ya siku hiyo kufika, mwezi wa Oktoba, vijana wa kiume walianza kuwashambulia mabinti Kariakoo, wakiwashusha katika mabasi na kuwararua nguo. Fikirini: kumfundisha mwanamke adabu kwa kumvua nguo barabarani!

Wala tusidhani serikali za siku hizi hukaa kimya. Mwezi wa Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilifungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uitwao "Mwanza" kwa sababu ya maneno yake. Walipouimba tena mwezi wa Desemba wakafungiwa wenyewe, na Januari 2019 wakafunguliwa. Kwa hiyo wanaume nao huadhibiwa, tuseme kweli. Gigy Money, ambaye alianza kujulikana kwa kucheza katika video za wenzake kabla hajaimba mwenyewe, alifungiwa miezi sita na kutozwa faini ya shilingi milioni moja mwezi wa Januari 2021, kwa ajili ya vazi alilovaa jukwaani Dodoma. Wale wawili waliulizwa juu ya wimbo, yeye juu ya mwili wake. Huenda kila uamuzi ulikuwa na sababu zake, lakini mkiuweka mmoja kando ya mwingine mtaona jambo.

Huko Marekani, ulikozaliwa muziki huu wa hip-hop, wanawake walilichukua jambo hili kwa namna nyingine, nami naipenda. Wachezaji wa video huko hupewa jina lenye maana ya jike la mbweha, na hilo peke yake latosha kuonyesha wanavyodhaniwa. Mwaka 2004 mwimbaji Nelly alitaka taasisi yake iende katika Chuo cha Spelman, mjini Atlanta, chuo cha wanawake weusi, kutafuta watu wa kujitolea uboho wa mifupa, maana dada yake alikuwa mgonjwa wa saratani ya damu. Kazi njema kabisa. Lakini wasichana wa chuo walikuwa wameona video yake moja iliyowadhalilisha mno wanawake. Wakasema: aje, lakini atujibu juu ya video ile. Zoezi likaahirishwa, halikufanyika. Wako waliowalaumu wasichana wale kwa ajili ya mgonjwa, nami sithubutu kusema kama walikosea. Ninachosema ni hiki: hawakwenda kuwatafuta wachezaji ili wawatukane. Walimwuliza mwenye wimbo.

Katika Injili nako yupo binti aliyecheza. Sisi husema alimponza Yohane Mbatizaji. Jina lake halikuandikwa katika Injili. Lile la Salome twalipata kwa Yosefo, mwandishi wa historia wa Kiyahudi. Lakini karamu ilikuwa ya nani? Ya Herode. Kiapo alikula nani? Herode. Askari alimtuma nani? Herode. Binti alikwenda kumwuliza mama yake aombe nini. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kiuno cha binti yule, na machache juu ya wageni waliokaa mezani wakipiga makofi.

Sasa nirudi kwa binti yetu. Wiki ya tatu ya matangazo alikuja ofisini na mama yake kuleta cheti cha ubatizo. Habari za mzee zilikuwa zimekwisha kuwafikia, hapa hakuna siri. Mama alilia. Binti hakulia. Akaniambia, "Mwalimu, niulize mwenyewe, usiulize watu." Nikamwuliza.

Alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi kwa fundi cherehani. Rafiki yake akamwambia wanatafutwa wasichana sita wanaojua kucheza, siku moja tu, malipo ni shilingi elfu thelathini na chakula. Walifika asubuhi. Nguo walizikuta pale, zimepangwa juu ya kiti. Yeye alijifunga kanga juu yake, mwongozaji akamwambia aivue au aondoke, na nauli ya kurudi hakuwa nayo. Walicheza mpaka jioni. Wakapewa elfu kumi na tano kila mmoja, nyingine waje kuchukua kesho. Kesho simu haikupokelewa.

"Lakini nisikudanganye," akasema, "kucheza kwenyewe nilikupenda. Mimi nacheza tangu utoto. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Alikuwa mmoja wa watoto wa Utoto Mtakatifu waliokuwa wakitangulia maandamano ya vipaji siku za sikukuu, wamevaa sare, wakicheza mbele ya altare, na sisi sote tukitabasamu. Akina mama walikuwa wakipiga vigelegele kwa ajili yake hasa. Katika mkoa wetu huu wa lizombe ya Wangoni na kioda ya wanawake wa Ziwa Nyasa, nani atasema kwamba kucheza ni dhambi? Alilolikuta Dar es Salaam ni watu waliojua kuutumia ustadi wake, naye hakuwa na mtu wa kumwambia, "Uliza kwanza utavaa nini. Uliza watakulipa lini, na nani ataandika." Tulimpa baraka za safari na gunia la mahindi. Hayo mengine hatukumwambia, kwa sababu tuliona aibu kuyataja.

Kuna jambo jingine nililolikumbuka usiku ule kitandani, likanifanya niketi. Wimbo ule nilikuwa naujua. Ulipigwa siku ya Kipaimara, katika sherehe ya nyumbani kwa mzee yule yule. Watu waliucheza, watoto kwa wazee, nami nilikuwamo. Hakuna aliyeuliza ni wa nani wala una picha gani.

Nilimwendea mzee nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamkumbusha taratibu. Alinyamaza muda mrefu, akichokonoa moto. Kisha akasema, "Basi hata mimi nilikuwa karamuni." Hakusema zaidi. Kama alifuta ile video katika simu yake sijui, nami sikumwuliza. Jumapili ya tatu tangazo lilisomwa, wala hakuna aliyekuja ofisini.

Siku ya ndoa nilijaza hati kama kawaida. Jina la bibi arusi nililiandika lote, la ubatizo, la baba na la ukoo. Nilipofika mahali pa kazi nikainua kichwa.

"Andika fundi cherehani," akasema.

Nikaandika.