Mshika Mbili na Somo la Seli ya Jua

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hii yaeleza vyema mtihani unaowakabili wanasayansi wanaounda seli za jua za kukunjika. Seli hizo hutengenezwa kwa maada za kaboni badala ya silikoni, na zaweza kupakwa juu ya plastiki nyembamba mithili ya wino juu ya karatasi. Hata hivyo, upande unaoelekea jua sharti uwe na elektrodi, yaani tabaka la kukusanya umeme, ambayo papo hapo huruhusu mwanga kupenya.

Metali hupitisha umeme lakini huziba mwanga; kioo hupitisha mwanga lakini huzuia umeme. Kwa miaka mingi suluhisho limekuwa mchanganyiko wa oksaidi za indiamu na bati, uitwao ITO kwa kifupi, ambao hutumika pia katika vioo vya simu na televisheni. Mchanganyiko huo una kasoro mbili. Kwanza, ni mkavu kama kigae: ukikunjwa mara kwa mara hupasuka, na njia ya umeme ikakatika. Pili, indiamu ni adimu, na hupatikana hasa katika masalio ya usafishaji wa zinki.

Ndipo watafiti wakatafuta njia nyingine. Wapo wanaotandaza nyuzi za fedha, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zikapishana kama za chandarua: umeme hufuata nyuzi, mwanga hupita matunduni. Wengine hutumia plastiki inayopitisha umeme.

Naam, plastiki! Hapa nawageukia walimu. Darasani tumezoea kuvigawa vitu mafungu mawili: metali hupitisha umeme, plastiki haipitishi. Mwanafunzi hukariri, akajibu swali, akapewa alama. Lakini mwaka 1977 Hideki Shirakawa wa Japani, pamoja na Alan MacDiarmid na Alan Heeger wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa polima iitwayo poliasetilini ikitiwa iodini, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka mara milioni 10. Mwaka 2000 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Chanzo chake kilikuwa kosa: katika maabara ya Shirakawa kichocheo kilitiwa karibu mara 1,000 ya kipimo, kukatokea utando unaong'aa kama fedha. Shirakawa hakuutupa, aliuchunguza.

Najua watakaonijibu kwamba silabasi ni ndefu na vipindi ni vifupi. Nakubaliana nao. Lakini kusema "kwa kawaida plastiki haipitishi umeme" hakumpotezei mwalimu hata dakika moja, na maneno hayo mawili humwachia mwanafunzi mlango wazi. Asiyeachiwa mlango huo atauliza nini?

Na maswali yangalipo. Kwa jumla, plastiki hizo bado hazijaifikia ITO kwa kupitisha umeme, na seli zenyewe huharibiwa na hewa na unyevu zisipofunikwa vyema. Kazi hiyo yawangoja vijana walio madarasani leo. Tusiwafundishe kwamba imekwisha.